Baba Paroko Akisikia Honi

Mwanangu ni padri. Tangu apewe upadrisho, watu wa mtaa wetu wa Chapwa wameacha kuniita Fundi, ingawa cherehani yangu bado iko palepale barazani. Siku hizi mimi ni Mama Padre, na kwenye sherehe napewa kiti cha mbele na soda inayofunguliwa nikiona. Sikatai. Nani anakataa kiti cha mbele? Lakini alipopangiwa parokia yake ya kwanza niliingiwa na hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu, maana wangesema mama huyu hana shukrani. Niliogopa mwanangu asije akawa padri mzuri wa ofisini, wa ratiba na mihuri, anayeheshimiwa na watu wote na asiwepo hata mmoja wa kumlilia.

Mimi najua padri wa kuliliwa anavyokuwa. Tulikuwa naye hapa Tunduma. Amezikwa mbali nasi, na nimemlilia mpaka majirani wakaniuliza kama alikuwa ndugu yangu wa damu.

Simtaji jina, kwa sababu hata sisi hatukulitumia. Alikuwa Baba Paroko, basi. Waliokuja baada yake tuliwaita Padre fulani na Padre fulani, lakini hilo la Baba Paroko lilibaki lake hata alipokuwa si paroko wa mahali popote. Mwanangu hakumfahamu vizuri. Alikuwa mdogo, kisha akaenda seminari. Nilipoanza kumsimulia alisikiliza kidogo, akatazama simu yake, akasema, "Mama, kwa kifupi, yule mzee alikuwa na nini hasa?"

Kwa kifupi sina. Ninayo marefu tu, na nitaanza na viatu.

Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi ambavyo kamba zake alikwishazitoa ili avivae bila kuinama. Alikuwa akiviacha mlangoni mwa nyumba ya mapadri, vimeelekea nje. Mpishi mpya mmoja, kwa adabu zake, alivipiga rangi akavipanga ukutani kama vya bwana harusi. Baba Paroko akavirudisha palepale. "Mama," akamwambia, "ukiviweka hivyo nikiitwa nitachelewa." Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta kanzu yake. Alinipa kanzu ileile mwaka hadi mwaka nimshonee mifuko, maana humo alitia stola, mafuta ya wagonjwa, betri za redio, na karanga. Mafuta yalikuwa yakimwagikia karanga, na yeye alikuwa akizila hivyohivyo.

Asiyeijua Tunduma ya miaka ile ya ruksa nimweleze kidogo. Biashara ilipofunguliwa, malori yalijaa barabarani kutoka Mpemba mpaka geti la mpakani, yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Madereva walikaa hapa siku nyingi. Walikula hapa, wakapenda hapa, na baadaye wakaanza kufia hapa. Kila mtu alijua ni ugonjwa gani, ila tuliutaja kwa kuzungukazunguka. Dereva akifa, au mwili wake ukiletwa kutoka ng'ambo, wenzake walipiga honi ndefu, lori moja likipokea jingine, foleni nzima. Honi ile haikufanana na honi nyingine. Mkaanga chapati alisita na kijiko mkononi, na mabinti wa gesti walitoka nje wakiulizana ni nani leo.

Baba Paroko akisikia honi aliacha alichokuwa anafanya. Nimemwona akiacha ugali aliokwisha kuumega. Nimemwona akitoka kwenye kikao cha halmashauri ya walei, mwenyekiti akiwa anaendelea kusoma. Alisukumiza miguu kwenye viatu vile, akamuuliza yeyote aliye karibu, "Nani amekufa?" na kabla hajajibiwa alikuwa ameshafika barabarani. Hakuuliza dini. Kama marehemu alikuwa Mwislamu, alikaa kwenye jamvi na wafiwa mpaka shehe amalize, kisha akarudi na vumbi lake. Kama alikuwa hana mtu, yeye ndiye aliyekuwa mtu wake.

Kwa sababu hiyo alichukia honi ya mlangoni. Parokia ilipopata pikapu, yeye mwenyewe hakuwahi kujifunza kuendesha, aliendeshwa na katekista. Siku ya kwanza walipofika kwa mgonjwa, katekista akapiga honi ili wenyeji wajue Padre amekuja. Baba Paroko aligeuka mwekundu wa hasira, na weusi wake ule, sijui nisemeje, lakini tuliuona wekundu. "Honi ni ya msiba!" akamwambia mbele za watu. "Ukimpigia mtu mlangoni kwake atadhani umemletea maiti. Shuka, piga hodi, kama binadamu." Tangu siku hiyo pikapu ilikuwa ikisimama mbali, naye alikuwa akimalizia kwa miguu.

Msifikiri nawaletea sanamu la kuwekewa mishumaa. Alikuwa na vituko. Kuimba hakujua kabisa. Akianzisha utangulizi wa Misa, mwalimu wa kwaya alifumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Jumamosi kukiwa na mpira redioni, Misa ya jioni ilikwenda mbio mpaka wazee wakalalamika kwamba Injili imerukwa. Mahubiri yake yalikuwa mafupi mno. Jumapili moja alisoma habari ya mwana mpotevu, akafunga kitabu, akatutazama, akasema, "Mmesikia. Sasa yule kaka mkubwa, jamani, ni sisi," akakaa. 

Aliogopa ng'ombe, na hiyo ndiyo siri ambayo bonde zima la Momba liliijua. Wafugaji waliohamia kule walikuwa na kigango chao, na kukifikia ilibidi apite katikati ya mifugo. Mama mmoja wa kule alinisimulia alivyomkuta Padre amepanda juu ya kichuguu, kanzu ameikusanya mkononi, anasali rozari kwa sauti, na fahali mmoja amesimama chini anamsikiliza. "Padre, shuka, huyu hana neno," akamwambia. Naye akajibu, "Mama, mwambie yeye kwanza." Lakini mwezi uliofuata alikwenda tena, na uliofuata tena, akitetemeka vilevile.

Kanisa hakulimaliza, na hilo nalo niseme. Miaka yote aliyokaa, nusu ya paa ilikuwa turubai, na mvua ikinyesha waumini wote tulihamia upande wa Mama Maria. Mfanyabiashara mmoja mkubwa alijitolea mabenchi mapya kwa sharti kwamba jina lake lichongwe kwenye kila benchi. Baba Paroko akamwambia, "Sawa, ila uchonge na majina ya wote watakaokalia." Yule bwana akaondoka na mabenchi yake. Walei walikasirika, na mimi pia nilikasirika, maana nilikuwa na mimba na mgongo unaniuma. Paroko aliyemfuata amelimaliza kanisa vizuri sana, lina vigae na feni, na mlangoni kuna tangazo la saa za kumwona Padre. Nampongeza. Ila nikilisoma lile tangazo huwa naangalia chini kama kuna viatu.

Sasa nifike kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa alikuwa anafua mashuka gesti moja jirani na mpaka. Aliishi na dereva wa Kizambia, bila ndoa ya kanisa, na wala dereva mwenyewe hakuwa wake peke yake. Kwenye jumuiya walimtoa kimyakimya: zamu ya sala ikifika kwake wanaruka nyumba. Hakukanyaga tena kanisani. Alikuwa akisema, "Nikiingia, mabenchi yote yanageuka shingo."

Baba Paroko hakumwambia arudi. Alikuwa na mtindo wake ambao sikuuona kwa padri mwingine yeyote. Alikuja nyumbani, akapiga hodi, akakaa, akala alichokuta, akaongea habari za mpira na bei ya mahindi. Dini haitajwi. Kisha akasimama, akasema, "Haya, nisindikize kidogo." Nani atakataa kumsindikiza mgeni? Ukitoka naye mlikwenda polepole, njia nzima hakuulizi kitu, mpaka kimya chenyewe kikusukume. Ukaanza kusema. Ukifika njia panda ulikuwa umemaliza yote, na pale aliinua mkono akakuondolea dhambi, mbele ya wauza nyanya na bodaboda, na hakuna aliyejua ni nini kimepita. Mabinti wa gesti ambao hawakuthubutu kupanga foleni ya kitubio kanisani walimsindikiza Baba Paroko. Ikawa tukimwona anatembea taratibu na mtu, tunavuka barabara tuwapishe.

Dada alimsindikiza muda mrefu bila kusema lolote. Ananiambia, "Leo tena tumefika njia panda, nimemwambia kuhusu sabuni." Mara nyingine kuhusu mashuka. Siku moja alirudi amevimba macho, akaingia ndani akajifunika khanga, na jioni alikuwa anaimba huku anapika. Sikumuuliza. Wakati huo alikuwa ameshaanza kukonda.

Alipokufa, viongozi wa jumuiya walikuja wakasema kwa upole sana kwamba kanisa lina taratibu. Hakuwa mshiriki, kwa hiyo hakuna Misa, hakuna msalaba, familia izike tu. Mama yetu alikuwa bado hai. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, hakulia, akawa anachota mchanga na kuumwaga, anachota na kuumwaga. Sijawahi kuona kitu kilichoniuma kama mikono ya mama siku ile.

Dereva wa dada hakuwepo, lakini rafiki zake walikuwepo na malori yao. Wakapiga honi.

Akaja. Alikuja mbio, kiatu kimoja kimekanyagwa kisigino. "Nani amekufa?" Alipoona ni nani, alisimama kwanza. Kisha akaenda akaketi mchangani kando ya mama yangu. Mwenyekiti wa jumuiya akamsogelea kumweleza taratibu, akaeleza zote, na Baba Paroko akamsikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?" akamuuliza.

"Ndiyo, Baba Paroko."

"Huyu amenisindikiza miaka. Leo ni zamu yangu."

Akatoa stola mfukoni, mfuko niliomshonea mimi, akaivaa juu ya vumbi lake. Jeneza lilipoinuliwa alikuwa mmoja wa wabebaji, wakati ambao watu waliogopa hata kugusa kitanda cha mtu wa ugonjwa ule. Wale wa jumuiya walifuata nyuma, wengine wanalia. Sikuwachukia. Walikuwa wanatetea walichofundishwa, na walihitaji mtu wa kuwafundisha kingine.

Kaburini kulitokea jambo ambalo watu wa hapa wanalikumbuka mpaka leo. Walikuwepo akina mama wa Nakonde, rafiki zake dada waliovuka mpaka kuja kumzika, na Baba Paroko akataka kumuaga marehemu kwa lugha yao. Kibemba chake kilikuwa cha sokoni. Akainama juu ya kaburi akasema, "Shalenipo."

Mama mmoja, katikati ya kilio chake, akashtuka akamkatalia. "Awe, bafata! Awe mukwai! Hilo neno anasema mtu anayeondoka, anawaambia wanaobaki wakae salama. Sasa anayeondoka si huyu? Sisi ndio tunabaki."

Wengine wakacheka na machozi yao. Yeye hakucheka. Akamwambia, "Mama, huyu ameshafika. Wenye safari ni sisi." Akainama tena, akarudia taratibu, "Shalenipo, binti yangu."

Basi likawa ndilo neno lake la makaburini, na likawa letu. Tunduma tulikuwa tunazikana hivyo, Wanyiha, Wanamwanga, Wabemba, wote: udongo ukishajaa, shalenipo. Padri aliyekuja baadaye alilikataza kwa kuwa halimo kwenye kitabu cha mazishi. Ni kweli halimo. Lilitokana na makosa ya padri asiyejua Kibemba, na mimi nawaambia mapadri wetu wa sasa, mnaojua lugha nyingi na kukosea kidogo, kwamba sijasikia mkisema neno lililomnyanyua mama yangu kutoka mchangani. Mnisamehe. Mna kazi nyingi, najua, ninaye mmoja nyumbani.

Walimwondoa Baba Paroko alipoanza kusahau. Alianza kwa kurudia Injili mara mbili, kisha akawa anakuja msibani nyumba ambayo haina msiba, anakaa, anapewa uji, anaondoka. Sisi hatukuona tatizo. Waliona wakubwa, na kwa haki yao, maana alihitaji matunzo. Gari lilikuja asubuhi likamchukua kwenda nyumba ya mapadri wazee, mbali, kwenye baridi. Aliomba abaki afie Tunduma. Wakamwambia atarudi akipata nafuu, na yeye, ambaye hakuwahi kumdanganya mgonjwa, aliwaamini.

Kwa hiyo mwanangu aliponiuliza kwa kifupi mzee alikuwa na nini, nilimwambia, "Nipeleke tukamwone. Utamuuliza mwenyewe." Nilikuwa na tamaa kwamba mzee atamwambia hata neno moja, ambalo mimi mama siwezi kumpa, akaende nalo parokiani. Akanipangia siku. Ana gari, waumini walimzawadia alipopadrishwa, na anaendesha vizuri. Njiani nilimsimulia habari ya mama yake mkubwa yote, kaburi na Kibemba na kila kitu, tangu Tunduma mpaka tumepita Mlowo. Alisema, "Daa, mama." Simu ikaita.

Tulimkuta barazani, kwenye kiti, na blanketi magotini. Alikuwa amesinyaa. Walikuwa wamemvalisha sweta jipya lisilo na mfuko hata mmoja, na mikono yake ilikuwa inahangaika ubavuni, inatafuta. Nilimpa karanga, akazishika tu. Nikamwambia mimi ni Fundi, wa Chapwa. Akanitazama kwa adabu. Nikamwambia huyu ni mwanangu, ulimbatiza, sasa ni padri. Akampa mkono mwanangu, lakini kama anayemshika mtu mwingine, aliyemwona yeye peke yake.

"Padre, shikamoo," mwanangu akasema. "Tumekuja utupe wosia, sisi vijana."

"Marahaba," akajibu. "Mvua imenyesha huko?"

Basi, yakawa ndiyo hayo. Tuliongea habari ya mvua. Mwanangu akatazama saa, akambusu mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mzee amechoka. Hayupo tena. Nakwenda kugeuza gari." Akatangulia. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na Misa jioni.

Nilibaki. Nilipiga magoti mbele ya kiti, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naondoka, nikamwambia, "Shalenipo, Baba Paroko." Nilisubiri. Nilitaka anikosoe, acheke, aseme lolote. Akawa anatazama karanga. Hapo nililia, kwa sababu nilikuwa nimepoteza wawili kwa mpigo, huyu aliyenisahau na yule aliyekuwa na haraka.

Ndipo honi ikalia getini. Ndefu. Mlinzi alikuwa amechelewa kufungua.

Karanga zilimwagika. Mzee aliinua kichwa, na macho yake yakawa macho yale. Akaanza kupapasa sakafu kwa miguu, anatafuta viatu vilivyoelekea nje. "Nani amekufa?" akauliza.

"Ni mwanangu, Baba Paroko," nikasema. Nilitaka kusema ni mwanangu anayepiga honi. Lakini ndivyo lilivyotoka, na nililisikia mwenyewe likitoka.

Akasimama. Sijui alipata wapi nguvu. Akavaa kandambili za mtu mwingine, akanishika mkono, akasema, "Pole, mama. Nisindikize."

Mtawa muuguzi alitaka kumzuia, akaona uso wake, akaacha. Tulitembea polepole kwenye ile njia ya kokoto, honi ikalia tena, naye akakaza mwendo. Mwanangu alituona kwenye kioo, akatoa mkono kwenye honi. Baba Paroko alifika, akafungua mlango wa gari mwenyewe, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mwanangu, kama alivyokuwa akiwafanyia madereva waliokufa. Alikiacha pale muda mrefu. Kisha akainama.

"Shalenipo, mwanangu," akamwambia.

Mwanangu alijua neno lile linaambiwa nani; nilikuwa nimemsimulia asubuhi ileile. Hakumwambia mzee kwamba amekosea. Alizima gari, akashuka, tukamrudisha barazani sisi wawili, kila mmoja ameshika mkono wake. Wiki chache baadaye walitupigia simu kwamba amefariki.

Siku ile ya kumwona tulishika njia ya kurudi. Vwawa tukapita, simu yake ikaita akaiacha iite. Karibu na Mpemba malori yalikuwa yamejipanga kama kawaida, akapunguza mwendo, akaniuliza bila kunitazama, "Mama, kaburi la mama mkubwa liko wapi?"

Nikamwambia tukifika nitamsindikiza.